Senti Nne kwa Mche Ulio Hai

Mwaka 1934 kilichapishwa London kitabu cha kilimo cha bustani Afrika Mashariki. Mhariri wake alikuwa Dkt. A. J. Jex-Blake, na waandishi wengi walikuwa wanachama wa Chama cha Bustani cha Kenya. Kilifundisha udongo, mvua na waridi, na kilifundisha vizuri, ila msomaji wake alikuwa mzungu mwenye ua mpana magharibi ya Nairobi. Mwafrika alikuwa ametengewa Pumwani tangu mapema miaka ya 1920, na ni ubavuni mwa Pumwani hiyo ndipo soko la Gikomba lilipokuja kukua.

Huko Eastlands, upande huo wa mashariki wa jiji, akina mama walilima vilevile. Kando ya Mto Nairobi walipanda sukuma wiki, nduma na mahindi, na mara nyingi askari wa kanjo wakaja kufyeka. Kitabu hawakuwa nacho, wala mfadhili.

Ufadhili wa masomo uliokuja kuibadilisha hali hiyo haukutajwa kuwa wa bustani hata kidogo. Kiongozi wa wafanyakazi Tom Mboya, aliyeishi mtaa wa Ziwani, si mbali na Gikomba, aliwakusanyia vijana nafasi za vyuo Marekani. Ndege ya kwanza ya 1959 ilibeba wanafunzi 81. Mwaka uliofuata, kwa fedha za wakfu wa familia ya Kennedy, alisafiri msichana wa Nyeri, Wangari Muta, aliyekuja kujulikana kama Wangari Maathai, akasomea biolojia huko Kansas. Mwaka 1971 alipata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Nairobi.

Tarehe 5 Juni 1977, Wangari Maathai na Baraza la Kitaifa la Wanawake waliongoza maandamano kutoka Jumba la Mikutano la Kenyatta hadi uwanja wa Kamukunji, jirani kabisa na Gikomba. Walipanda miti saba kuwaenzi mashujaa wa jamii mbalimbali, wakiwemo Nabongo Mumia na Mekatilili wa Menza. Hapo ndipo ulipozaliwa mradi uliokuja kuitwa Green Belt Movement. Kati ya miti ile saba, ni miwili tu iliyoendelea kusimama. Mimi naamini vuguvugu hili lilifunzwa zaidi na ile mitano iliyokufa.

Maana malipo yalipoanza kutolewa, hayakutolewa kwa kupanda. Mama alilipwa takriban senti nne za Marekani kwa kila mche uliothibitika kuwa hai baada ya kupandwa. Wataalamu wa misitu walikuwa wamenung'unika kwamba kazi hii inataka watu wenye diploma. Akina mama wakaotesha mbegu kwenye vyungu vilivyovunjika na makopo, wakafundishana, wakawa wataalamu wasio na cheti. Mwaka 1981 mfuko wa wanawake wa Umoja wa Mataifa uliwapa dola 122,700, nao Wanorwe wa Chama cha Misitu wakawashika mkono. Mamilioni ya miti yakaota kutokana na hizo senti.

Mwaka huohuo wa 1981, kule Juja, chuo cha Jomo Kenyatta kilifungua milango kwa msaada wa Japani, na kilimo cha bustani kikiwa miongoni mwa masomo yake ya mwanzo. Hivyo vijana wa Kenya wakapata diploma ile ambayo mama wa kitalu aliambiwa hana. Ningependa kuona kila anayefadhiliwa huko akipelekwa msimu mmoja kwa vikundi vya Dandora au Korogocho, ambako vijana wa kikundi cha Komb Green wamegeuza ukingo wa mto uliojaa taka kuwa bustani ya watu.

Vifaa haviko mbali. Mafundi wa jua kali wa Kamukunji huponda mabati na kutoa makopo ya kunyunyizia maji na matoroli, na magunia ya kupandia sukuma yanapatikana papo hapo sokoni. Sheria nayo ipo: tangu 2015 kaunti ya Nairobi inatambua kilimo cha mjini.

Kinachokosekana ni fungu la maji na mlinzi. Mwaka 2024 serikali ilianza kuwalipa vijana wa mitaa hii ujira wa siku kusafisha mto. Kwa miti itakayopandwa kingoni, wafadhili warudie hesabu ya mama wa kitalu: waweke kando sehemu ya fedha, warudi baada ya kiangazi, wahesabu iliyo hai, kisha walipe.