Farasi Nyuma ya Nyumba: Nani Huamua Ardhi Yako Itumikeje?

Ndugu msomaji, chukulia kwamba una kiwanja chako mjini. Umekinunua kwa jasho lako na hati yake umeihifadhi sandukuni. Siku moja unaamua kujenga banda nyuma ya nyumba ili ufuge farasi. Je, unahitaji ruhusa ya mtu yeyote? Wengi wetu tutajibu upesi: ardhi ni yangu, mnyama ni wangu, neno limekwisha. Lakini jirani yako, ambaye dirisha la chumba chake cha kulala linatazamana na banda hilo, hatakubaliana nawe. Kwake yeye, hapo ndipo neno linapoanza.

Leo nakualika tuitazame historia ya swali hili nchini Marekani. Huko limefika hadi katika Mahakama ya Juu, na majibu yake yameathiri namna miji mingi duniani inavyopangwa. Ukifika mwisho wa makala utaona kwamba jambo hili linatuhusu hata sisi ambao hatuna farasi.

Mji uliojengwa na farasi

Katika karne ya 19, mji wa Marekani haungeweza kuishi bila farasi. Ndiye aliyevuta mabasi ya abiria, magari ya maziwa, mikokoteni ya makaa ya mawe na mitambo ya kuzimia moto. Mwaka 1872 homa ya mafua ilipowaangusha farasi kote Amerika ya Kaskazini, shughuli za miji zilikwama. Mwezi Novemba mwaka huo moto mkubwa ulizuka Boston, na wazima moto wakalazimika kuvuta mitambo yao kwa mikono, kwa kuwa farasi walikuwa wagonjwa.

Hata hivyo, mtumishi huyo alikuwa na gharama zake. Farasi mmoja mkubwa hutoa takriban kilo 20 za samadi na mkojo kila siku. Mwishoni mwa karne ile jiji la New York lilikuwa na farasi zaidi ya 100,000. Katika mwaka 1880 pekee, mizoga ya farasi ipatayo 15,000 iliondolewa katika barabara zake. Nzi walizaliana, harufu ilitanda, na maradhi ya tumbo yakaenea katika mitaa ya maskini, ambako mabanda yalisongamana na nyumba za watu.

Sheria ya zamani ilikuwa na dawa moja tu ya hali hiyo. Jirani aliyeudhiwa alikwenda mahakamani na kuthibitisha kwamba banda fulani lilikuwa kero. Dawa hiyo ilikuja baada ya madhara kutokea, nayo ilimfaa zaidi mwenye fedha za kumlipa wakili. Polepole halmashauri za miji zikaanza kufikiri kwa namna nyingine: badala ya kungoja kero itokee, kwa nini tusiamue mapema kitu gani kikae wapi?

Kesi ya Little Rock

Mji wa Little Rock, katika jimbo la Arkansas, ulitunga sheria ndogo iliyokataza biashara ya mabanda ya kukodisha farasi katika sehemu ya mji iliyokuwa na watu wengi. Wenye mabanda walishtaki. Hoja yao haikuwa ya kupuuzwa: tumefanya biashara hii kwa miaka mingi, tumetia mtaji wetu, nayo ni biashara halali, itakuwaje leo tuambiwe tuondoke?

Mwaka 1915 Mahakama ya Juu ilitoa hukumu dhidi yao. Ilikiri kwamba banda la farasi kwa asili yake si kero. Hata hivyo, ikasema kwamba serikali ina mamlaka ya kulizuia mahali penye msongamano wa watu, maadamu haifanyi hivyo kwa uonevu au bila sababu ya maana. Tafakari uzito wa hukumu hiyo, ndugu msomaji. Tangu hapo haikutosha kuuliza iwapo kitu ni halali. Ilipasa kuuliza pia: ni halali mahali gani?

Mwaka uliofuata, 1916, New York ilipitisha kanuni zilizogawa jiji zima katika kanda za matumizi ya ardhi: hapa makazi, pale biashara, kule matumizi mengine. Miji mingine ikafuata. Kijiji cha Euclid, karibu na Cleveland katika jimbo la Ohio, kilipofanya hivyo mwaka 1922, kampuni ya ardhi ya Ambler ilikishtaki. Kampuni hiyo ilikuwa na ekari 68, na ilidai kwamba ekari moja yenye thamani ya dola 10,000 kwa viwanda ingeshuka hadi dola 2,500 ikiwa ni ya makazi. Mwaka 1926 Mahakama ya Juu, kwa majaji sita dhidi ya watatu, ilikipa kijiji ushindi. Jaji George Sutherland alieleza kwamba kero huweza kuwa kitu chema kilichowekwa mahali pasipofaa, akatoa mfano wa nguruwe aliye sebuleni badala ya kuwa zizini. Mfano huo wa mnyama na nyumba ukawa mashuhuri miongoni mwa wanasheria wa Marekani.

Upanga wenye makali pande mbili

Ukiishia hapo, utadhani kwamba historia hii ni ya usafi na utaratibu tu. Sivyo. Chombo kilichotumiwa kutenga mabanda na nyumba kilitumiwa pia kutenga watu na watu.

Mji wa Louisville, katika jimbo la Kentucky, ulikuwa na sheria ndogo iliyomkataza mtu mweusi kuhamia katika mtaa wenye wazungu wengi, na mzungu kuhamia katika mtaa wenye weusi wengi. Mahakama ya Juu iliibatilisha mwaka 1917. Lakini ubaguzi uliofukuzwa mlangoni uliingia kwa dirishani. Wenye nyumba waliandikiana mikataba ya kutowauzia watu weusi, na mahakama ziliendelea kuitekeleza mikataba hiyo hadi mwaka 1948. Kanda za matumizi nazo zilidai viwanja vikubwa na nyumba za familia moja moja, masharti ambayo maskini hakuyaweza. Hata katika kesi ya Euclid, jaji wa mahakama ya chini aliyeisikiliza kwanza alionya kwamba mpango kama ule ungewatenga watu kwa kipato chao. Hukumu ya Mahakama ya Juu, kwa upande wake, ilizifananisha nyumba za ghorofa za kupangisha na kupe anayenyonya uzuri wa mtaa wa wenye nyumba. Kumbuka kwamba ndani ya nyumba hizo walikuwa wakiishi watu.

Kibali hupatikanaje?

Kanda hazikumwondoa farasi kabisa. Gari la mafuta ndilo lililomwondoa katika kazi za mji. Sheria ilibaki kuamua ni wapi anaweza kufugwa kwa mapenzi tu. Hadi leo, katika miji mingi ya Marekani, anayetaka kufuga farasi nyumbani kwake huanza kwa kutazama ramani ya kanda. Huenda kanda yake inaruhusu, lakini kwa masharti: kiwanja kisipungue ukubwa fulani, idadi ya farasi isizidi kiwango, banda liwe mbali na nyumba ya jirani, na samadi iondolewe kwa utaratibu uliowekwa.

Kanda ikiwa hairuhusu moja kwa moja, mwenye kiwanja huandika ombi la kibali maalumu. Majirani hupelekewa taarifa, siku ya kusikilizwa hutangazwa, na kila mwenye neno husimama mbele ya tume ya mipango au bodi ya rufaa. Mwombaji hujieleza, jirani huzungumzia nzi, harufu na maji machafu. Bodi huweza kukubali, kukataa, au kukubali kwa masharti, na asiyeridhika ana njia ya kukata rufaa. Kwa kawaida, matumizi yaliyokuwapo kihalali kabla ya sheria huruhusiwa kuendelea, ili mtu asiadhibiwe kwa jambo ambalo lilikuwa halali alipolianza.

Watu wengine walikwenda mbali zaidi. Wakazi wa Norco, katika jimbo la California, waliunda mji wao rasmi mwaka 1964 ili wabaki na viwanja vikubwa na maisha ya ufugaji. Katika mitaa yake mingi, kando ya barabara kuna njia za farasi badala ya njia za lami za waendao kwa miguu.

Mfano unaonigusa zaidi ni ule wa Compton, kusini mwa Los Angeles. Mwanzilishi wa mji huo, Griffith Dickenson Compton, alitoa ardhi mwaka 1888 kwa sharti kwamba sehemu yake ibaki kuwa ya kilimo. Sehemu hiyo inaitwa Richland Farms. Kwa miongo mingi Compton ulikuwa mji wa wazungu. Baada ya vikwazo vya ubaguzi kulegea, familia za watu weusi zilihamia, nyingine zikiwa na asili ya mashamba ya kusini, zikakuta viwanja ambavyo sheria iliruhusu kufugia. Mwaka 1988 mama mmoja, Mayisha Akbar, alianzisha hapo chama cha kuwafundisha vijana kupanda na kutunza farasi, ili wawe na mahali pa kwenda badala ya kujiunga na magenge. Sharti lililoandikwa karne moja kabla yao, na watu ambao hawakuwawazia, likawa kinga kwa watoto hao.

Nasi tunahusikaje?

Hapa Uganda ni wachache wanaofuga farasi, lakini ng'ombe wa maziwa, mbuzi, nguruwe na kuku wamo mijini tele. Mwaka 2006 Halmashauri ya Jiji la Kampala ilitunga sheria ndogo kuhusu kilimo cha mjini, mifugo, nyama, maziwa na samaki. Kabla ya hapo, mama aliyefuga ng'ombe mmoja nyuma ya nyumba yake alihesabiwa kuwa mvunja sheria. Sasa sheria ilimtambua, mradi apate kibali na kutimiza masharti. Mwaka 2010 Bunge lilipitisha sheria iliyotangaza nchi nzima kuwa eneo la mipango. Maana yake ni kwamba swali la kitu gani kikae wapi limefika hata kijijini kwako.

Basi, ndugu msomaji, nakuachia maswali matatu ya kujiuliza kila usikiapo kwamba sheria ndogo mpya inaandaliwa. Kwanza: inazuia madhara gani hasa? Kama ni samadi na nzi, na iseme hivyo, na masharti yake yalingane na samadi na nzi. Pili: ni nani atakayeshindwa kuyatimiza masharti hayo? Ikiwa jibu daima ni maskini au mgeni, kumbuka Louisville. Tatu: kabla ya kupitishwa, nani aliitwa kutoa maoni, na je, anayekataliwa ana pa kukatia rufaa?

Wahenga walisema kuwa penye wengi pana mengi. Mji ni mahali pa wengi, na hatuwezi kuepuka kwamba haki ya mmoja itagusana na ya mwenzake kwenye ua. Wenye mabanda wa Little Rock walikuwa na hoja, na majirani zao walikuwa na hoja. Siku halmashauri yenu itakapotangaza kikao cha kujadili mipango ya eneo lenu, acha shughuli zako kwa saa moja, uende ukasikilize, nawe useme lako.