Asilimia 2 kwenye Risiti

Ukila kwenye hoteli kubwa hapa Kenya, hebu soma risiti. Karibu na VAT kuna asilimia 2 ambayo wengi wetu hulipa bila kuuliza ni ya nini. Mimi naipenda historia yake.

Baada ya uhuru, hoteli nyingi kubwa zilikuwa bado zikiendeshwa na mameneja wa kigeni. Miaka ya 1970 serikali ikakata shauri: anayelala na kula hotelini achangie kumsomesha anayemhudumia. Mwaka 1975, kwa msaada wa Uswisi, Chuo cha Utalii kikafunguliwa kando ya barabara ya Thika, Nairobi. Kina hoteli yake, kwa hivyo mwanafunzi hujifunza kwa wageni wa kweli.

Mafunzo basi yakapata sheria na pesa. Mshahara mzuri ukaachiwa mapatano ya chama cha wafanyakazi na waajiri, na kibarua wa Diani asiye na mkataba hayumo. Wageni wakipungua baada ya Pasaka, anaambiwa aende nyumbani, ataitwa.

Tuliweza kumtoza mgeni ili waita asome. Mbona tusimtoze kidogo tena, ili waita ale hadi wageni warudi?