Hadhi ya msafiri kwa kadi ya mkopo
Daraja la upendeleo ambalo shirika la ndege humpa mteja kwa matumizi ya kadi ya mkopo inayotolewa na benki kwa jina la shirika hilo. Mwenye daraja huingia ndegeni mapema na hupunguziwa gharama za mizigo. American Airlines, iliyoanzisha mpango wa AAdvantage mwaka 1981, tangu 2022 huhesabu pointi moja kwa kila dola inayolipwa kwa kadi. Mtu aweza kupanda daraja bila kupanda ndege. Mkoani Mara mfumo huu hauna mashiko. Mnunuzi wa sangara Mwigobero, Musoma, hulipa taslimu au kwa simu, na msafiri wa Bunda au Butiama mara nyingi huifuata ndege Mwanza kwa basi.