Jinsi ya Kupata Wati na Ukinzani Ukijua Volti na Ampea, Kabla Ekstensheni Haijaungua

Geuza chaja ya simu yako usome yale maandishi madogo. Sehemu inayoonyesha umeme unaotoka utakuta kitu kama 5V 2A. Namba hizo mbili zinatosha kukuambia nguvu ya chaja: 5 mara 2, wati 10. Kwenye chaja ukikosea hesabu hakuna kubwa litakalotokea. Lakini kwenye jagi la umeme, pasi au hita ya kuogea, hesabu hiyo hiyo ndiyo inayoonyesha kama waya utapona au utaungua.

Kanuni zenyewe ni mbili tu:

Nguvu (wati) = volti × ampea
Ukinzani (omu) = volti ÷ ampea

Volti ni msukumo wa umeme, ampea ni kiasi kinachopita, na omu ni ugumu wa njia. Vitabuni utaona P = V × I na R = V ÷ I. Hiyo I ni ampea, isikuchanganye. Ya pili inaitwa kanuni ya Ohm, kwa jina la Mjerumani Georg Simon Ohm aliyeichapisha mwaka 1827.

Tuchukue jagi la umeme linalovuta ampea 9.6 kwenye umeme wa volti 230, ule wa majumbani Tanzania. 230 × 9.6 ni kama wati 2,200. 230 ÷ 9.6 ni omu 24.

Hizo omu 24 usizitupe, zina kazi. Waya unaopasha moto ndani ya jagi ukinzani wake haubadiliki sana, hata umeme ukicheza. Sasa ikifika jioni, mtaa mzima umewasha vitu, umeme ukashuka hadi volti 180, piga hesabu upya: 180 ÷ 24 ni ampea 7.5. Halafu 180 × 7.5 ni wati 1,350. Yaani volti zimepungua kwa asilimia 22 tu, lakini nguvu imepungua kwa karibu asilimia 40, kwa sababu volti zikishuka na ampea nazo zinashuka. Maji yaliyokuwa yanachemka kwa dakika 4 sasa yanachukua zaidi ya 6. Jagi halijaharibika, kwa hiyo usikimbilie kununua jingine. Na uniti za LUKU zitakazoliwa ni karibu zile zile, maana nguvu ni ndogo ila muda ni mrefu.

Turudi kwenye ekstensheni. Plagi ya pini tatu bapa imeandikwa 13A. Kwa volti 230 hiyo ni wati 2,990 basi. Chomeka jagi la wati 2,200 na pasi ya wati 1,200 kwa pamoja: jumla wati 3,400, gawanya kwa 230, unapata ampea 14.8. Umeshapita. Wengi wanajua fyuzi itakata, lakini fyuzi ya ampea 13 inaweza kuvumilia ampea 14.8 kwa muda mrefu tu bila kukata, huku waya mwembamba ukizidi kuchemka. Na kama mtu alishaitoa fyuzi akafunga kipande cha waya, hapo hakuna kinga kabisa.

Hatari kubwa zaidi huwa kwenye plagi iliyolegea. Joto la sehemu kama hiyo unalipata kwa ampea × ampea × omu. Tuseme mguso mbovu una nusu omu tu. Jagi peke yake: 9.6 × 9.6 × 0.5 ni wati 46, joto la kutosha pasi ya fundi redio ya kuyeyushia risasi, na lote limekaa mahali padogo kama ukucha. Ukiongeza pasi, 14.8 × 14.8 × 0.5 inakupa karibu wati 110. Ampea zimeongezeka kwa nusu, joto limezidi mara mbili. Ukiona plagi imebadilika rangi au inanukia plastiki, ni hili.

Hesabu hizi zinakwenda sawa kwa vitu vya kupasha moto. Friji, feni na pampu zina mota, kwa hiyo volti mara ampea hutoa namba kubwa kuliko wati halisi. Kwa hivyo fuata wati zilizoandikwa kwenye kibandiko. Balbu ya zamani ya waya nayo ina yake: ya wati 60 ikiwaka ina omu kama 880, lakini ukiipima ikiwa imepoa hazifiki hata 100. Siyo mbovu, ule waya ukipata moto ukinzani wake unapanda sana.

Ukitaka kupima omu kwa multimita, chomoa kifaa kwanza. Na usithubutu kuichomeka kwenye soketi ikiwa upande wa ampea. Ukinzani wake upande huo ni mdogo mno, na 230 ukiigawanya kwa namba ndogo hivyo unapata shoti mkononi mwako.