Gazeti Moja Lilitosha

Wiki jana saa mbili usiku mathe alinituma nitafute manila, gundi na rangi. Kumbe mdogo wangu alikuwa na projekti ya sanaa ya kupeleka shule kesho yake. Kufika saa nne, mwenye projekti amelala fofofo, mimi ndiye nakata manila. Wasee, tuambiane ukweli: hapo nani alijifunza?

Nikakumbuka shule ya Bauhaus, iliyofunguliwa Weimar, Ujerumani, mwaka 1919. Vita vya kwanza vya dunia vilikuwa vimeisha juzi tu na nchi imesota. Mwaka 1920 akajiunga mwanafunzi wa miaka 32, Josef Albers, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi. Pesa ya rangi hana. Akabeba begi na nyundo, akaenda jalalani kuokota vipande vya chupa, akatengeneza navyo picha za vioo. Kufikia 1923 alikuwa anafundisha wanafunzi wapya pale pale.

Mwanafunzi wake, Hannes Beckmann, alisimulia baadaye jinsi somo lilivyokuwa. Albers aliingia na furushi la magazeti, akampa kila mtu. Akawaambia watengeneze kitu, waheshimu karatasi yenyewe, na ikiwezekana wasitumie makasi wala gundi. Akatoka.

Aliporudi alikuta kasri, mashua, vinyago. Hakubamba. Vitu kama hivyo, alisema, mara nyingi vingefaa zaidi kwa malighafi nyingine. Kazi aliyoisifu ilikuwa ya kijana mmoja kutoka Hungaria: gazeti limekunjwa tu kwa urefu, likasimama wima. Basi! Lakini angalia: karatasi laini imepata nguvu kwa sababu ya mkunjo, na sasa unaiona pande zote mbili. Hiyo ndiyo kanuni ya usanifu, na mtoto anaigundua kwa vidole vyake mwenyewe.

Bauhaus ilifungwa 1933 kwa shinikizo la Wanazi. Albers na mkewe Anni, mfumaji hodari, wakahamia Marekani, wakaendelea kufundisha.

Huku kwetu, 8-4-4 ilipoanza 1985 ilisisitiza kazi za mikono. Baadaye masomo hayo yakapunguzwa kwa sababu mzigo ulikuwa mzito na vifaa ni ghali. CBC imeyarudisha, na wazazi wanalia vile vile. Sawa, wanafunzi wa Albers walikuwa watu wazima, na mwalimu mwenye watoto sitini darasani ana kibarua kingine kabisa. Lakini shida si projekti. Shida ni ile orodha ya kununua, na maksi kupewa kitu kinachong'aa. Hapo mtoto wa mwenye pesa anashinda kabla hajagusa karatasi.

Jumapili nilimpa mdogo wangu gazeti kuukuu: lisimamishe, bila gundi. Alinuna. Likaanguka mara kama sita. Halafu akalikunja kama feni, likasimama, akaweka kikombe juu. Hakikuanguka!

Walimu, next time andikeni tu: lete gazeti.