Insulini, nasaba na kisukari katika pwani ya Kilwa

Watu wa asili mbalimbali hutofautiana, kwa wastani, katika kiasi cha insulini kinachotolewa na kongosho na katika namna miili yao inavyoiitikia. Tofauti hizo huchangia hatari ya kupata kisukari, hasa kile cha aina ya pili. Pwani ya Kilwa na Lindi, ambako Waafrika wameoana na wageni kutoka ng'ambo ya bahari kwa karne nyingi, ni mahali ambapo jina la kabila au ukoo halimtoshi tabibu kujua hali ya mgonjwa wake.

Kazi ya insulini

Insulini hutengenezwa na seli beta za kongosho. Mtu akinywa chai ya sukari kwa vitumbua, sukari hupanda katika damu. Insulini huiwezesha kuingia katika misuli na mafuta ya mwili, na hulizuia ini kumwaga sukari yake. Kisukari cha aina ya pili huja kwa njia mbili, ambazo mara nyingi huandamana: mwili kuwa sugu kwa insulini, na kongosho kushindwa kutoa insulini ya kutosha.

Tofauti baina ya makundi

Mwaka 2013 Keiichi Kodama na wenzake walichambua matokeo ya makundi 74 ya utafiti yenye watu 3,813. Watu wa asili ya Afrika walitoa insulini nyingi, na miili yao iliiitikia kidogo. Wale wa Asia ya Mashariki walitoa kidogo, na miili yao iliiitikia vizuri. Kwao upungufu mdogo tu wa insulini unatosha kuleta ugonjwa. Watu wa asili ya Ulaya walikuwa katikati.

Wastani huo hauwaelezi Waafrika wote. Nchini Uganda, Davis Kibirige na wenzake waliona kwamba takriban theluthi moja ya wagonjwa wapya wa kisukari hawakuwa wanene, na kwamba wagonjwa hao walitoa insulini kidogo kuliko wenzao wanene. Utafiti wa Mwanza nao ulionyesha kuwa upungufu wa insulini ni chanzo kikubwa cha kisukari huko. Nchini Marekani, Anne Sumner na wenzake waliwapima wahamiaji kutoka Afrika, na miongoni mwao wakakuta wembamba wenye sukari ya juu kwa sababu ya udhaifu wa seli beta. Mwaka 2025 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilitambua rasmi kisukari cha aina ya tano, kinachohusishwa na utapiamlo na ambacho huwapata watu wembamba.

Nasaba ya watu wa Kilwa

Mapokeo ya Kilwa yanasimulia kuja kwa Washirazi kutoka Uajemi. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa kati ya mwaka 1250 na 1800, wengi wao katika miji ya pwani ikiwemo Kilwa, Songo Mnara na Lindi. Ilibainika kwamba kuchanganyika kulianza karibu na mwaka 1000: upande wa akina mama asili ilikuwa hasa ya Kiafrika, na upande wa akina baba wa kigeni ilikuwa hasa ya Kiajemi, pamoja na sehemu ndogo ya Kihindi. Ndoa za baadaye na Wamatumbi, Wangindo, Wamwera na Wamakonde zimezidi kuunganisha koo hizo. Anayejiita Mshirazi na jirani yake Mmatumbi huenda wana bibi mmoja.

Nasaba na maisha

Mwaka 1989 Donald McLarty na wenzake walitangaza matokeo ya vijiji sita vya Tanzania: wenye kisukari hawakufika mtu 1 kwa kila 100. Miaka miwili baadaye, utafiti wa Kaushik Ramaiya na wenzake katika jamii ya Wahindu wa Dar es Salaam ulikuta karibu 10 kwa kila 100. Wengi wangeishia kusema kuwa ni damu. Lakini mwaka 2000 ulinganisho wa mtaa wa Ilala, Dar es Salaam, na kijiji cha Shari, Kilimanjaro, ulionyesha kisukari kingi zaidi mjini, na uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikikuta kwa watu 9 kwa kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Vinasaba vya Watanzania haviwezi kubadilika kwa miaka 23. Kilichobadilika ni chakula, kazi na uzito wa mwili.

Upimaji

Mtu huhesabiwa kuwa na kisukari akiwa na sukari ya milimoli 7.0 kwa lita au zaidi kabla ya kula, au 11.1 saa mbili baada ya kunywa gramu 75 za glukosi. Kipimo cha HbA1c, yaani cha sukari iliyoshikamana na chembe nyekundu za damu, chenye mpaka wa asilimia 6.5, hakihitaji kufunga. Hilo ni nafuu kwa mkazi wa Kilwa Kisiwani, anayelazimika kuvuka maji hadi Kilwa Masoko kisha kupanda gari ili afike hospitali ya Kinyonga, Kilwa Kivinje. Hata hivyo, tafiti za mwaka 2017 zilionyesha kwamba vinasaba vya selimundu na vya upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, vilivyoenea katika maeneo ya malaria kama pwani hii, huweza kushusha namba ya HbA1c na kuuficha ugonjwa. Majibu yasiyolingana na dalili yathibitishwe kwa kupima sukari yenyewe.

Kiu isiyokatika, kukojoa mara kwa mara na kukonda bila sababu ni dalili za kwenda kupima mapema, kwa mnene na mwembamba, Mshirazi na Mmatumbi. Tabibu naye asimrudishe mtu nyumbani bila kumpima kwa kuwa tu mwili wake ni mwembamba.