Bendeji ya Akhwari

Timu yetu ikifungwa, hakosi mtu wa kutufariji kwa jina la John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu. Kisa tunakijua: Mexico City, Oktoba 20, 1968, aliumia goti kwenye marathoni, akafungwa bendeji, akaingia uwanjani giza limeshatanda. Alikuwa wa 57, wa mwisho kati ya waliomaliza, zaidi ya saa nzima nyuma ya Mamo Wolde wa Ethiopia.

Tunachosahau ni Edinburgh. Mwaka 1970, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, goti likiwa zima, Akhwari alishika nafasi ya 5 kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5. Mwaka 1978, Gidamis Shahanga kutoka Hanang alitwaa dhahabu ya marathoni ya michezo hiyo huko Edmonton.

Akhwari hakwenda Mexico kushiriki tu, alikwenda kushindana. Kumaliza mbio ukiwa umeumia ni ushujaa. Kwenda bila maandalizi, kisha kujificha nyuma ya bendeji yake, ni uvivu. Watoto wa Mbulu na Getanuwas wasimuliwe goti lile, lakini waonyeshwe pia saa ya Edinburgh.